Mlango Uliotazama Mashariki

"Niambie kweli, bweni Hadjira. Ile nyumba ya mikutano ya Andoany, baba yako aliijenga au aliiharibu?"

Aliyeniuliza hivyo, akiniita bweni, yaani bibi, ni jirani yangu Zalifa, muuza mokari, vitumbua vya mchele vya kwetu, hapa Mahabibo mjini Mahajanga. Alikuwa amerudi jana yake kutoka Andoany, kisiwani Nosy Be, alikokwenda kumwoza mpwa wake, na miguu ilikuwa bado imemvimba kwa safari. Alikaa kizingitini kwangu akaikanda kwa mikono miwili. Mimi ndio kwanza nilikuwa nimemaliza kumwogesha Baba na kumlaza, na nguo zake zilikuwa zinaningoja kwenye beseni.

"Ulikwenda kwenye mlango wa barabarani?" nikamwuliza.

"Nimeugonga mpaka mkono umeniuma. Juani, nimejifunga shiromani yangu ya harusi, jasho linanitiririka kama mchimba kisima. Kisha nikasikia watu nyuma yangu wanacheka."

"Wakakwambia nini?"

"Nitakuambia nikishapumzika," akasema, akajikokota kwenda kwake.

Nilifua zile nguo, nikazianika, na swali likawa bado lipo. Limekaa na mimi siku nyingi tangu hapo. Basi naandika ninavyomjua Baba, polepole, jinsi nilivyoona na jinsi Mama alivyonisimulia, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Baba yangu anaitwa Mikidache wa Madi. Alizaliwa hapa hapa Mahajanga. Babu ya babu yake ndiye aliyetoka Ngazidja, na Baba mwenyewe Ngazidja hajaiona mpaka leo. Babu Madi alikuwa mwashi, na nyumba nyingi za Waislamu wa mtaa huu zilipita mikononi mwake.

Kazi ya ukoo wetu ilikuwa na desturi yake. Watu wengine wakipewa kiwanja hutazama kwanza sebule itakaa wapi, au mlango utatazama wapi. Babu Madi alianza na choo. Sisi tumefundishwa kwamba mtu akienda haja asielekee kibla wala asikipe mgongo, na kwa huku kwetu kibla kiko kaskazini, kimepinda kidogo tu kuelekea magharibi. Basi Babu alisimama kiwanjani, akatafuta kibla, akachora kwa kisigino mahali pa choo, ili anayechuchumaa atazame mashariki au magharibi. Nyumba nzima ikafuata choo. Ukiona nyumba ya zamani mtaani kwetu imekaa upande upande na barabara, usidhani mwashi alikuwa hajui kupiga uzi. Sababu ni hiyo.

Baba alisoma kuliko Babu, akapata kazi ofisi ya kazi za umma. Hakuwa msanifu mwenye shahada. Alikuwa mchora ramani, yule anayesimama kwenye meza iliyoinama na kuchora kwa wino safi yale waliyokwisha kukubaliana wakubwa. Lakini hata pale, akiachiwa kazi ndogo ya shule au zahanati, penseli yake ilianzia vyooni. Wenzake walimtania kila asubuhi, "Mikidache, umeshajisaidia? Basi sasa tuanze kazi." Naye alicheka nao. Mama alisema siku hizo Baba alikuwa mtu wa kucheka.

Mwisho wa mwaka wa sabini na sita yalitokea yale yaliyotokea mjini kwetu. Sitayaandika yote, mkono hautaki. Wakomori wengi waliuawa, na wengi katika waliobaki walichukuliwa kwa meli na kwa ndege wakapelekwa visiwani. Mimi nilikuwa mtoto wa shule ya msingi. Mtu tuliyemjua alikuja kugonga mlango wetu, akasimama pale akamwambia Baba kwa upole kabisa, "Mikidache, nenda kwenu."

Baba akamwuliza, "Wapi?"

Yule mtu akafikiri. Alifikiri kweli, nilimwona usoni. Kisha akaondoka bila kujibu.

Tulikwenda Nosy Be, kwa sababu Mama Zaïtoun alikuwa na shangazi yake huko Andoany, Shangazi Hadidja. Ilikuwa msimu wa mvua. Malori, matope, kulala popote, mpaka bandari ya Antsahampano, ndipo tukavuka kwa pantoni pamoja na magunia na ng'ombe. Shangazi Hadidja alitupokea bila kuuliza kitu. Alikuwa na ua mrefu wa kuanikia nazi na vyumba viwili, akatupa kimoja.

Tangu pale Baba aliacha kubisha hodi. Akitaka kuazima msumeno kwa jirani, alisimama nje ya ua akakohoa, akangoja aonekane. Asipoonekana, alirudi nyumbani bila msumeno. Mama alimwambia, "Baba Hadjira, sema hodi. Wewe si mwizi." Baba akajibu, "Najua." Na kesho yake akakohoa tena.

Kazi alipata, kwa kuwa kazi za umma za pale hazikuwa na mtu wa kuchora. Alichora makalvati, alichora mabanda. Ikapita miaka michache. Kisha wakubwa wa mji wakaamua Andoany iwe na nyumba ya mikutano. Wakati ule mikutano ilikuwa mingi kuliko mchele, na yote ilifanywa chini ya turubai au katika darasa lenye bati tupu. Mvua ikinyesha, msemaji anaonekana anafungua mdomo na kufumba kama samaki, na watu wanapiga makofi wakibahatisha. Mkubwa wa Baba, mtu wa kutoka nyanda za juu, alikuwa na mambo mengi mkononi. Akamwambia, "Anza wewe kuichora, nitaitazama."

Sikupata kumwona Baba akifanya kazi kama alivyofanya siku zile. Aliichora ofisini, akirudi akaichora juu ya mkeka. Alitaka dari la mbao chini ya bati, ili mvua isiyameze maneno. Alitaka matundu marefu chini ya paa pande zote, upepo uingie bila jua. Hakutaka nguzo katikati, maana alisema aliyekaa nyuma ya nguzo hajaja mkutanoni. Sakafu iteremke kidogo kuelekea jukwaani, ili wa nyuma awaone wa mbele. Na alitaka mtu asiye na kipaza sauti asikike mpaka ukuta wa mwisho.

Hili la sauti lilimhangaisha. Ijumaa moja baada ya sala aliniweka mwisho wa ua wa Shangazi Hadidja, akasimama kando yangu, akaniambia, "Soma Alhamdu. Usipige kelele. Soma kama unamsomea Mama." Nikasoma. Akaondoka hatua kwa hatua, huku amenipa mgongo ili asinisome midomo. Akiacha kusikia neno, anainua mkono, nami naanza upya. Shangazi Hadidja alikuwa anageuza nazi zake, akasema, "Mtoto atamaliza Qurani nzima leo, na wewe hujaona ukuta wala hujaona mlango." Baba akazidi kwenda. Mwishowe alichomeka kijiti mchangani karibu na kisima, akasema, "Hapa ndipo ukuta wa nyuma." Basi urefu wa nyumba ile ni urefu wa sauti yangu ya utotoni. Silisemi kwa majivuno. Ndivyo ilivyokuwa.

Mama alimhurumia. "Unajichosha bure. Hata jina lako hawataliandika."

Baba akamwambia, "Zaïtoun, watu wakishaketi ndani ya nyumba niliyoichora mimi, nani ataniambia tena niende kwetu?"

Hakulisema tena neno lile, lakini sisi wote nyumbani tulijua anachokijenga.

Kiwanja kilikuwa chembamba. Upande wa mashariki kilipakana na barabara, upande wa magharibi kikateremka kwenda baharini. Vyoo vilipaswa kuwa nyuma, kwenye mteremko, maji yapate kuondoka. Na Baba, kama kawaida ya kwao, ndipo alipoanzia. Akavipanga ili mtu aelekee mashariki au magharibi, kibla kiwe ubavuni. Nyumba yote ikafuata. Mlango mkubwa ukawa mashariki, barabarani. Jukwaa likawa magharibi. Watu wataingilia mashariki, watakaa wametazama magharibi.

Msomaji wa kwetu ameshaona. Kwa Wasakalava, wenyeji wa pwani hii, mashariki si upande wa kupitisha viatu na vikapu. Ni upande wa wazee na wa waliotangulia. Watu wa kawaida huingilia magharibi, wakubwa hukaa mashariki, na hakuna mtu wa heshima anayekaa mbele za watu akaipa mashariki mgongo. Baba alilijua hilo tangu utoto, nani Mahajanga asiyelijua. Lakini nyumba za Wasakalava hakupata kuzichora yeye, walijenga wenyewe na wazee wao wakisimamia. Penseli yake ilijua kibla peke yake.

Na kulikuwa na njia ya kujikumbusha. Mkubwa wake alimwambia, "Kabla hatujachimba, pita kwa wazee wa mji, waeleze." Mzee wa wazee alikuwa Jaofeno, aliyeitwa na wote Dadilahy, yaani babu. Baba akaikunja ramani, akaenda mpaka nje ya ua wa mzee yule. Akakohoa. Akangoja. Akakohoa tena. Hakutoka mtu. Akarudi ofisini, na alipoulizwa akasema, "Nimepita."

Nyumba ikajengwa. Ilichukua muda, kwa maana saruji ilikuwa inakuja na kukatika. Mlango wa barabarani ulikuwa mzuri sana, wa mbao nzito, mabawa mawili. Siku ya kuifungua walikuja wageni wa serikali, watoto wa shule wakapangwa, kanga za wanawake zikajaa barabara nzima. Wageni wakaingia. Watoto wakaingia. Wazee wakafika, Dadilahy Jaofeno mbele, pekupeku, kofia yake mkononi. Akautazama mlango. Akalitazama jua. Kisha akavuka barabara akaenda kusimama kwenye baraza ya duka la ng'ambo, na wazee wengine wakamfuata mmoja mmoja bila neno. Watu waliokuwa wanataka kuingia wakasita, nao wakavuka.

Baba alikuwa amesimama karibu na mlango na kanzu yake mpya. Mama muuza samaki mmoja akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Hata mbuzi wangu anajua pa kuingilia. Anaingilia magharibi."

Mwingine akasema, "Mkomori ametugeuza kama mikate kikaangoni."

Wakacheka. Hakikuwa kicheko kibaya sana, ninavyokumbuka, lakini Baba hakuweza kuingia tena. Wala hakuweza kuvuka barabara akasimame na wazee. Alibaki pale pale kizingitini, nusu jua nusu kivuli, mpaka hotuba zikaisha. Na sauti ilitoka vizuri kupitia yale matundu ya chini ya paa, kila neno likafika ng'ambo ya barabara. Mzee mmoja alisema, "Kusikia, tunasikia." Hiyo ndiyo sifa pekee aliyoipata siku ile.

Aliporudi nyumbani Mama alimwuliza, "Umekula?" Akasema hana njaa. Akakaa ukingoni mwa mkeka na kanzu yake. Mama akamwacha, akamwacha, kisha akasema, "Kesho utakwenda kwa yule mzee. Utasema hodi. Usipoisema wewe, nitakwenda kuisema mimi, na utaona aibu zaidi."

Nilikwenda naye, nimebeba sahani ya vitumbua. Nje ya ua alisimama. Akasema, "Hodi." Ilitoka ndogo. Akasema tena, "Hodi."

"Nani?"

"Mikidache, dadilahy. Mchora ramani."

"Yule aliyetugeuza. Pita. Kwangu mlango uko huku, magharibi, usipotee."

Tukakaa. Mkewe akapokea sahani. Dadilahy Jaofeno alikuwa mzee mwembamba, anainamisha kichwa upande mmoja akisikiliza. Akasema, "Hebu niambie. Wakubwa ndio waliokuagiza?"

"Si wao."

"Basi ni chuki. Ni kwa ajili ya yale ya Mahajanga. Nisingekulaumu."

Baba akashtuka kabisa. "Hapana, dadilahy. Wallahi hapana."

"Basi ni nini?"

Baba akatazama mkeka. "Choo," akasema.

"Nini?"

Ikabidi aeleze. Alieleza habari ya kibla, na Babu Madi, na kisigino, na jinsi nyumba inavyofuata. Uso wake ulikuwa umeiva kwa haya. Dadilahy Jaofeno alimsikiliza mpaka mwisho, akamgeukia mkewe, akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika nguzo.

"Yaani mji mzima umegeuzwa ili nyinyi msikionyeshe kibla makalio?"

"Ndiyo, dadilahy."

"Na hukuja kuniuliza."

"Nilikuja. Nilikohoa."

"Mimi sikio hili limekufa zamani, na wewe unakuja kukohoa. Mtu anayejenga nyumba ya kusemea anakohoa." Akapangusa macho. "Sikiliza, ramose, bwana wangu. Vyoo vyenu viacheni. Mtu ana dini yake. Na ule mlango msiuvunje, ni mzuri, tena umeshaingia gharama. Ufungwe tu. Jukwaa lihamie mashariki, tukae sisi huko. Watu waingilie ubavuni, huku chini karibu na magharibi."

"Karibu na vyoo," Baba akasema.

"Tutapita karibu na vyoo. Tutapita upesi."

Baba akasema kuna jambo moja zaidi. Sakafu ilikuwa imeteremshwa kwenda magharibi. Jukwaa likihamia mashariki, litakuwa upande wa juu, na watu watakuwa chini wanatazama juu.

"Sisi wazee tukae juu," mzee akasema, "kuna ubaya gani?"

Tulirudi nyumbani Baba anatembea katikati ya njia, si pembeni. Asubuhi yake alichukua chaki akaenda kuchora kwenye kuta mbili za ubavuni mahali pa kukata milango. Niliiona chaki ile, mistari minne iliyonyooka kila upande.

Lakini mkubwa wake alikuwa amekwisha kusikia. Wageni waliandika malalamiko huko walikorudi, kwamba nusu ya mji ilibaki nje. Akamwita Baba. "Ulisema ulipita kwa wazee."

"Nilipita."

"Na sasa unataka tuufunge mlango mkuu wa mji kwa sababu ya choo?"

Yule bwana hakuwa mtu mbaya, alikuwa amechoka naye. Akasema, "Mikidache, mimi siwezi tena. Nimekuombea uhamisho. Rudi kwenu, Mahajanga."

Tuliondoka kabla ya mtu kuigusa ile chaki. Kwenye pantoni Mama alikuwa analia kimya, kwa shangazi yake na kwa mji tunaourudia. Baba alikaa juu ya sanduku letu akitazama nyayo za ng'ombe. Akasema, "Safari hii angalau wamenitajia mahali."

Mahajanga tulikuta nyumba yetu ina watu wengine, tukapanga hii niliyomo mpaka leo. Ofisini walimpa mitaro na makalvati. Alichora mitaro mpaka akastaafu. Mimi sikurudi shule, niliolewa, nikazaa, mume akatangulia, Mama naye akatangulia. Dadilahy Jaofeno tulisikia amekufa. Na ile nyumba Baba hakuitaja. Mara moja tu, miaka ile ya shida, dereva wa lori wa kutoka Ankify, kwenye boti za Nosy Be, alikunywa kahawa barazani kwetu. Baba akamwuliza kama anayeuliza habari za hewa, "Ile nyumba ya mikutano ya Andoany, watu wanaingia?"

"Ile? Imejaa magunia ya mchele na panya."

Baba akaweka kikombe chini. Hakumwuliza mtu tena. Shangazi Hadidja alipofariki, alisema njia ni mbaya. Njia ilikuwa nzuri. Zikaja harusi, zikaja maulidi, akasema, "Nendeni nyinyi." Nami kwa watoto na uchovu sikwenda. Niliona ni afadhali kutojua. Niliogopa nikienda nitayaona magunia, kisha nirudi nimtazame usoni.

Sasa yeye ni mzee sana, hatembei. Kila alfajiri namtia udhu kwa birika, namgeuzia kitanda kidogo aelekee kibla, naye huniambia, "Bado. Kidogo tena. Hapo." Mafundi walipokuja kujenga upya choo chetu alitaka abebwe akaone. Tulimbeba kwa kiti. Akatazama, akasema, "Vyema," akataka kurudishwa. Mgongo uliniuma wiki nzima.

Naam, Zalifa. Siku kadhaa baada ya lile swali alikuja jioni na mokari zilizobaki sokoni, kama afanyavyo, akaingia kumsalimu Baba.

"Shikamoo, mbaba."

"Marahaba. Umerudi."

"Nimerudi, na miguu nimeiacha Nosy Be."

Baba akaitazama ile miguu. Kisha akakohoa. Zalifa akanitazama kutaka nimletee maji. Baba akakohoa tena, taratibu, akiwa ametazama dari. Nikakijua kile kikohozi.

"Si maji," nikamwambia Zalifa. "Anabisha hodi. Mwambie habari ya ile nyumba. Yote, hata kama ni mbaya."

Zalifa akakaa kitandani miguuni pake. "Mpwa wangu kaoa Msakalava, mbaba, harusi ikafanywa mle. Mimi nimechelewa, nafika peke yangu, naona mlango mkubwa, naugonga. Naugonga. Nyuma yangu watu wanacheka, watoto wanacheka, bibi kizee mmoja kwenye baraza ya duka anacheka hana jino. Akaniambia, 'Bweni, huo mlango wa Mikidache. Haufunguki. Zunguka.'"

Baba akageuza kichwa. "Walisema jina?"

"Jina lako. Mle mjini ndio usemi wao. Mtu akikawia, wanamwambia amepita mlango wa Mikidache. Watoto wadogo wanalisema. Hawajui hata kama ni mtu, mimi nilipowaambia ni jirani yangu, anakula mokari zangu, walidhani nimelewa. Mimi, mwanamke niliyehiji, nimelewa."

"Na mchele?"

"Mchele gani? Pilau?"

"Ndani," nikamsaidia. "Kuna magunia?"

"Kuna watu. Kumejaa, nimekosa pa kukaa mbele. Wazee wako mashariki, juu, wanatutazama kama majogoo. Sisi tumeingilia ubavuni. Nikakaa nyuma kabisa, karibu na vyoo, na umeme ukakatika, kipaza sauti kikafa. Nikasema basi, nimekuja kuangalia midomo. Lakini shehe akasoma hotuba ya ndoa na mimi nikasikia yote, mpaka pale alipopaliwa."

"Harufu?" Baba akauliza.

"Ya vyoo? Hakuna. Upepo unaichukua baharini."

"Ndiyo," Baba akasema. "Ndiyo." Na mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia, nikamwinamia. Alikuwa anacheka. Alicheka bila sauti mpaka akachoka, nikampangusa mdomo, Zalifa naye anacheka na kujifunga shiromani yake.

Alipoondoka nilitandika mkeka wangu nikasali sala ya magharibi. Mgongo ulikuwa unaniuma. Nilipomaliza, Baba alikuwa macho, ananingoja. Nilikuwa nimeshaanza kufikiri njia ile, gari mpaka Ankify, boti, mwili wake mikononi mwangu, kwa sababu nilijua kabla hajafungua mdomo. Akasema:

"Hadjira, nipeleke Andoany. Sitaki harusi. Nataka mkutano wa kawaida, hata ukiwa wa takataka za sokoni. Uniingize ubavuni, uniweke nyuma, pale sauti yako ilipoishia, na usiwaambie mimi ni nani."